TAHADHARI: Tabora kuna fundi anayebadilisha gia boksi nzima wakati ugonjwa uko kwenye propela

Ndugu zangu wenye magari ya zamani hapa Tabora, hasa nyie wa Hilux na Hiace mnaobeba mizigo ya Sikonge na Urambo, kuna fundi mwenye gereji na duka la spea anaumiza watu. Jina silitaji kwa sababu shauri liko polisi. Lakini mbinu yake lazima muijue leo, maana bado anapokea magari.

Mjomba wangu ana Hilux ya mwaka 1998. Ilianza kutetemeka chini ya sakafu ikikaribia kilomita 60 kwa saa, na ukiingiza rivasi inagonga "ko!" mara moja. Yule fundi hakuiendesha hata hatua moja. Alisikiliza injini gari likiwa limesimama, akasema gia boksi imekufa. Papo hapo akatoa nyingine, eti imeshuka juzi kutoka Japani: 1,600,000, na ya zamani inabaki kwake. Mzee akalipa, akapewa karatasi ya daftari, si risiti ya EFD. Mtetemo ulibaki palepale, hata ukazidi. Aliporudi akaambiwa sasa ni difu (gia za ekseli ya nyuma), alete laki tisa nyingine.

Fundi wa pili, Mungu ambariki, alilala chini ya gari akaitikisa propela, ule mhimili mrefu unaopeleka mzunguko kutoka gia boksi hadi difu, kwa mkono. Krosi ya nyuma (kiungo kinachoiruhusu propela kujikunja) ilikuwa inacheza, raba ya senta beringi inayoishika propela katikati imechanika. Tena propela ilikuwa imefungwa vibaya: ilipofunguliwa kubadilisha gia boksi hawakuweka alama, wakairudisha masikio yake ya kushika krosi yakiwa hayalingani, na hilo peke yake linatosha kutetemesha gari. Spea na ufundi vyote havikufika 150,000. Ile gia boksi ya "Japani" ilikuwa imepakwa rangi ya fedha, na ndani imejazwa oili nzito kama asali ili beringi zilizochoka zisilie. Sasa gia ya tatu inachomoka yenyewe.

Kabla hujampa mtu pesa, jaribu haya. Gari likiwa limesimama, kanyaga resi taratibu. Likitetemeka hapo, angalia mauntini (raba zinazoshikilia injini) na injini yenyewe. Kama limetulia, tafuta barabara tambarare isiyo na magari, ufike mwendo ule unaosumbua, kisha weka nyutro bila kuzima injini. Mtetemo ukiendelea, unafuata mwendo wa gari: matairi, rimu, propela, beringi za magurudumu. Mvumo unaobadilika ukikata kona kushoto au kulia mara nyingi ni beringi ya gurudumu. Kugonga unapoondoka au unapoingiza rivasi, anza na krosi. Fundi anayekataa kupanda gari akausikia mtetemo mwenyewe, mkimbieni.

Spea iliyotolewa ni mali yako, ondoka nayo. Kinachoniuma zaidi ni kwamba gia boksi ya mzee ilikuwa nzima kabisa, na nina hakika imeshauzwa kwa mtu mwingine kama "ya Japani".

Kwa hiyo kama umeuziwa gia boksi ya Hilux hapa mjini karibuni, ingia chini uitazame. Ya mjomba ina sikio moja la bolti lililochomelewa, upande wa dereva, juu ya tundu la kumwagia oili. Ukiliona, niandikie inboksi tafadhali, hata usiku. Hatutakudai chochote, tunahitaji shahidi.