Living with War: yenye kwaya au ile mbichi?

Mwanamuziki wa rock Neil Young alitoa albamu ya Living with War 2006 akiwa na miaka 60, anaipinga vita ya Iraq na kumsema Bush, rais wa Marekani wakati ule, waziwazi, halafu mwaka huohuo akaitoa tena bila kwaya, akaiita In the Beginning. Mashabiki mpaka leo hawaelewani ipi kali.

Ile ya kwanza ina kwaya ya watu 100, wanaoipenda wanasema inakuwa sauti ya umma sio ya mzee mmoja na gita lake, na mi hapo nakubali kabisa, ule wimbo wa kutaka rais ang'olewe madarakani ukiimbwa na umati mwili unasisimka. Kwenye shoo ya Atlanta mwaka ule kuna watu waliuzomea wakatoka, yaani uliwagusa kweli. Wengine wanalalamika kwaya inaifanya albamu iwe kama mkutano wa hadhara.

Ile mbichi ni gita chafu, besi, drams na sauti yake inayotetemeka. Wimbo wa Families, mwanajeshi anaongea na watu wa nyumbani, humu unauma zaidi. Ukiwa peke yako na hedifoni chukua hii, ila kwenye spika kubwa mi nabaki na kwaya.