“TV ni ya kuangalia, mama, siyo ya kubonyezabonyeza”

Maneno hayo niliambiwa na muuzaji, ndani ya duka moja la mjini kati hapa Mwanza, mbele ya wateja wengine na mbele ya kijana wangu aliyekuwa amelowa jasho kwa kubeba boksi. Pale nimelipa karibu milioni nzima, hela ya kikoba, hela iliyotoka kwenye dagaa ninaowaanika na kuwauza mwenyewe. Jina la duka silitaji, la TV pia silitaji. Ninachotaka mjue ni jinsi kitu chenyewe kinavyofanya kazi, na jinsi nilivyojibiwa kilipokataa.

Picha sina ugomvi nayo. Inchi 50, rangi zimetulia, mechi ya usiku unaona mpaka nyasi. Ungeniuliza wiki ya kwanza ningekuambia nenda kanunue hata leo. Kinachoniumiza ni programu ya ndani. Unabonyeza kuongeza sauti, kimya. Unabonyeza tena, kimya. Unabonyeza ya tatu, ndipo zote zinaingia kwa mkupuo, nyumba nzima inatetemeka na mjukuu aliyelala anaamka analia. Ukifungua YouTube menyu inashuka kwa kusuasua. Ukitaka kuandika jina la kwaya unayoitafuta, kila herufi inakwama kwanza. Ukitoka na kurudi, inaanza upya kama vile hujawahi kuifungua. Baadhi ya apu ni zile za simu kabisa, haziitikii rimoti mpaka ugeuze rimoti iwe mshale, usukume mshale huo taratibu kwenye kioo kizima mpaka ufike kwenye kitufe unachokitaka. Na hiyo ndiyo waliyoiandika smati kwa herufi kubwa kwenye boksi.

Sasa njoo kwenye umeme. Sisi tunakaa Bugarika, juu kwenye mawe, na umeme wetu unaweza kupepesa tu, ukaondoka na kurudi kabla hujatafuta tochi. TV ukiizima kwa rimoti haizimiki kabisa, inalala, kwa hiyo ukiiwasha inaamka upesi. Umeme ukikatika ndipo inazimika kweli, na ukirudi inabidi ianze toka sifuri: nembo ya kampuni, nembo ya pili, vitone vinavyozunguka, halafu ukurasa wa mwanzo ambao nao unahangaika na intaneti ulete matangazo yake kabla wewe mwenye TV hujaruhusiwa kugusa kitu. Siku ya Simba na Yanga shemeji zangu walikuja wote, sato wamekaangwa, umeme ukapepesa kipindi cha pili. King'amuzi kikawaka, taa yake tunaiona. TV ikabaki na vitone. Tukiwa tunavikodolea macho, kelele zikapanda kutoka kwenye mabanda ya huko chini. Goli! Na sisi hatujui la nani. Shemeji mkubwa akasimama, akaenda kuangalia kwa jirani, wengine wakamfuata. Nikabaki sebuleni na sahani za samaki. Wageni wangu, niliowaalika mimi, wakaimalizia mechi kwa mtu mwingine. Hilo sijalisamehe mpaka leo.

Wiki hiyohiyo nikaamua kuirudisha. Warantii ilikuwa hai na risiti ninayo. Nikapiga simu, nikaambiwa niilete mwenyewe, wao hawaji nyumbani. Anayeijua Bugarika anajua maana yake: bajaji inaishia chini, boksi linashushwa kwa mikono kwenye ngazi za mawe, na kioo kikigonga pembe ya jiwe ndiyo basi tena. Kijana wangu na rafiki yake wakaishusha. Kufika dukani, mlinzi, mzee wa watu, akanisalimia kwa Kisukuma, “mwadila, mayu,” akanipa na kiti chake. Mungu ambariki. Yule wa ndani salamu yenyewe hakutoa.

Akaichomeka kwenye umeme, akachomeka flashi yake, ikaanza ile video wanayoionyesha siku zote, samaki wa rangi na maua yanayochanua. “Si hii hapa inafanya kazi?” Nikamwambia, kaka, video ya kwenye flashi haionyeshi kitu, hapo TV haijaombwa kufikiri chochote. Iunganishe na intaneti ya simu yangu, fungua YouTube, rudi nyuma, fungua tena, uone. Ndipo akamgeukia kijana wangu, mimi nikiwa nimesimama palepale, akasema, “Dogo, mweleweshe mama.” Halafu akanirudia mimi na hayo maneno niliyoyaandika pale juu. Akamalizia kwamba warantii ni ya kioo na umeme, programu haimo, na kama nataka spidi ninunue simu.

Kilichofanya maneno hayo yanikae moyoni ni kwamba kabla ya kulipa nilimwomba jambo hilohilo. Nilisema nataka niishike rimoti niijaribu kabla sijatoa hela. Akasema rimoti imo ndani ya boksi, na boksi likifunguliwa haliuziki. Ile TV iliyokuwa ukutani nayo, rimoti yake eti ipo kwa bosi. Kwa hiyo kabla ya kulipa hubonyezi kwa sababu boksi halifunguliwi, na baada ya kulipa hubonyezi kwa sababu TV ni ya kuangalia. Mteja abonyeze lini?

Aliyenisikiliza ni fundi mmoja wa eneo la Mlango Mmoja, kijana mdogo tu. Shikamoo kwanza, maswali baadaye. Akaingia kwenye mipangilio akanionyesha mwenyewe: RAM, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, GB 1. Nafasi ya kuhifadhia, GB 8, na mfumo umeshakula zaidi ya nusu hata kabla hujaweka chako. Simu yangu ya kawaida, ninayopokelea hela za dagaa, ina RAM mara nne ya hiyo. Akanieleza kwamba mtu akiingia dukani anaangalia kioo, kwa hiyo kiwandani pesa inaenda kwenye kioo, na kichakataji, yaani ubongo wa TV, kinawekwa kile cha bei ya chini. Kichakataji hicho ndicho utakaa nacho miaka yote, wakati apu kila zikisasishwa zinazidi kuwa nzito. TV inayojikokota leo, mwakani itatambaa. Na Android iliyomo ni ile ya wazi inayochukuliwa na yeyote, haijapita kwenye vipimo vya Google vya TV, ndiyo maana Netflix yake ni ya simu na inataka mshale. Akafuta apu zilizokubali kufutika, akairudisha ilivyotoka kiwandani. Ikapata nafuu. Nikaanza hata kumwonea huruma yule muuzaji, labda siku ile alikuwa na mambo yake. Kisha ikarudia yaleyale, na huruma ikaniisha.

Shemeji mmoja anasema kwa bei ile ya inchi 50 nilitegemea nini. Kuna siku nakubaliana naye, kioo kikubwa hivi kwingine ningelipa zaidi. Halafu naenda Nyegezi kwa dada yangu. Yeye ana LG ndogo ya siku nyingi, aliinunua ikiwa imeshatumika, ina webOS, mfumo ambao LG walianza kuuweka kwenye TV zao mwaka 2014. Picha ya kawaida tu. Lakini ukibonyeza, inaitika. Umeme ukirudi, hujatoka jikoni imeshawaka. Kwa hiyo wanaweza! Wakitaka wanaweza, na TV ya mtu wa kawaida ikafanya kazi. Fundi alinionya nisishike jina peke yake: iwe Tizen ya Samsung, iwe VIDAA ya Hisense, iwe Google TV, utakuta iliyo nyepesi na utakuta inayokwama, kutegemea wameipa RAM kiasi gani na kichakataji gani. Ndiyo nasema, hakuna kitakachokuambia ukweli isipokuwa kidole chako kwenye rimoti.

Mwisho nimenunua kiboksi cha Google TV pale Makoroboi, nikakichomeka kwenye HDMI, lile tundu la kuingizia picha kutoka kifaa kingine. Hapo niseme kweli, nilifurahi mno. Menyu inateleza, YouTube inafunguka mara moja, kwaya zangu nazitafuta kwa kuongea kwenye rimoti. TV imebaki kuwa kioo tu, na kwa kioo ni nzuri, nusura nimwambie jirani akanunue kama yangu aongeze na kiboksi. Lakini juzi umeme ukapepesa tena. Kiboksi kikawaka. King'amuzi kikawaka. TV, kabla ya kukubali kuonyesha HDMI, ikaleta nembo, nembo ya pili, vitone. Nimepekua mipangilio yote nikitafuta pa kuiamuru iwake moja kwa moja kwenye HDMI. TV nyingine wanapaweka, hii hawakupaweka. Hela nimetoa mara mbili na vitone bado navisubiri.

Ukiniuliza leo, usiinunue, hata wakikupunguzia. Ukienda kutafuta nyingine, iwe ya jina gani, nenda na simu yenye bando. Mwambie muuzaji aichomoe kwenye umeme mbele yako, aichomeke tena, uangalie inachukua muda gani mpaka uweze kuongeza sauti. Uliza kama inaweza kuwakia kwenye HDMI. Fungua YouTube, toka, rudi, andika jina refu. Akikuambia rimoti ipo kwa bosi, mwambie utamsubiri bosi.