Rimoti ya gari imegoma: ununue nini kwanza, na nini uachane nacho

Yangu iligomea Raskazone, Tanga, jua la saa tisa, nimetoka kuogelea na funguo zilikuwa mfukoni mwa kaptula muda wote. Nilibonyeza mpaka kidole kikauma. Mwishowe nikafungua mlango kwa ufunguo wenyewe, nikachomeka, gari likawaka.

Kule kuwaka kulikuwa jibu tosha, ila siku ile sikulielewa. Chipu inayoruhusu injini kuwaka kwenye ufunguo wa kuchomeka haitegemei betri ya rimoti. Hupata nguvu kutoka kwenye pete iliyozunguka pale unapochomeka. Kwa hiyo gari likiwaka huku milango haiitikii, chipu yako ni nzima, na huna haja ya kununua ufunguo mzima.

Mimi nilinunua. Duka moja Ngamiani liliniuzia rimoti ya mtumba iliyofanana na yangu kama pacha: nembo ileile, vitufe viwili vilevile. Haikufungua mlango hata siku moja. Gari langu limetoka Japani, ambako rimoti nyingi hutumia masafa ya redio ya 312 hadi 315 MHz, na ile ilikuwa ya soko la Ulaya, 433 MHz. Ungeibonyeza mpaka Idi, gari lisingesikia.

Basi nikiambiwa nianze upya, pesa yangu ingetoka kwa mpangilio huu.

1. Betri

Kama rimoti inafanya kazi ukiubusu mlango tu, halafu hatua tano nyuma kimya, ni betri. Kama una ufunguo wa akiba na rimoti yake nayo imegoma, usinunue kitu. Angalia fyuzi na betri ya gari. Na usidanganyike na ule ujanja wa kuitazama rimoti kwa kamera ya simu. Ule ni wa rimoti ya runinga, inayotoa mwanga. Ya gari kwa kawaida hutumia mawimbi ya redio, kamera haioni chochote.

Toa betri ya zamani uende nayo dukani. Namba iliyoandikwa mgongoni ndiyo kipimo chake: CR2032 ina upana wa milimita 20 na unene wa 3.2; CR2025 ina upana uleule ila unene ni 2.5, CR1632 ni ndogo, milimita 16. Muuzaji akikwambia "hii nayo inaingia" huku anakupa nyembamba, kweli itaingia, na itacheza humo ndani, leo inashika kesho inaachia. Usiweke karatasi ya sigara kuijazia. Nunua saizi yake.

Chagua iliyo kwenye pakiti, siyo zile za kumwagwa kwenye kopo zikigusana. Mwombe fundi aipime: mpya husoma volti 3 na ushee, ikisoma chini ya 2.8, mrudishie mwenyewe. Baadhi ya betri hupakwa dawa chungu ili mtoto aiteme, na dawa hiyo wakati mwingine huzuia umeme kushika. Ifute kwa kitambaa kikavu kabla ya kuiweka. Ile ya zamani nayo usiiache mezani: mtoto akiimeza, inaweza kumuunguza koo ndani ya saa mbili tu.

2. Ganda na swichi

Hapa ndipo ugonjwa wangu ulipokuwa, na aliyeutibu ni fundi wa simu, siyo wa magari. Alipasua ganda kwa wembe, akanionyesha unga wa kijani umekaa kando ya kitufe cha kufungulia. "Chumvi hii, mjomba. Ungetoa betri palepale ukaisuuza kwa maji ya bomba, usingenijua." Akasugua kwa mswaki na spiriti, akachomoa swichi iliyooza, akachomea nyingine ndogo kama punje ya mchele. Ukinunua ganda jipya, hakikisha ile chipu imehamishwa. Kwenye funguo nyingi imepachikwa peke yake pembeni, na ikitupwa na ganda la zamani gari haliwaki.

3. Ufunguo mpya wa kuprogramu

Ununue wakati ule wa kwanza bado unafanya kazi. Zote zikipotea, kazi inakuwa kubwa na bei inapanda. Taja masafa ya gari lako, na usilipe mpaka umefunga, umefungua na umewasha, kwa ufunguo mpya na wa zamani, palepale.

4. Seti ya sentro loki (ya kufunga milango yote kwa pamoja) ya Kichina

Kwa gari kuukuu lisilokuja na rimoti, naipenda. Kwa gari lenye mfumo wake, hapana: nyaya zitakatwa chini ya dashibodi. Ukiamua, mwambie fundi achomee viungo, asisokote na kufunga selotepu.

5. Rimoti ya mtumba ya gari la kuwashwa kwa kitufe

Ya mwisho kabisa. Nyingi zikishasajiliwa kwenye gari moja hazikubali jingine mpaka zifunguliwe kwa mashine. Kabla ya kuitafuta, gusisha rimoti yako kwenye kitufe cha kuwashia, kanyaga breki, bonyeza. Magari mengi huwaka hivyo hata betri ya rimoti ikiwa imekufa. Na mlango? Ndani ya rimoti kwa kawaida kuna ufunguo mdogo wa chuma. Uchomoe leo ukiwa nyumbani, ujaribu kama bado unazunguka kwenye kitasa.