"Dragon Quest": Joka Aliyelelewa na Poni Anapotafuta Kwao

Kipindi cha "Dragon Quest", kilichooneshwa mwaka 2012 katika msimu wa pili wa katuni ya My Little Pony: Friendship Is Magic, kinamhusu Spike, joka mchanga ambaye yai lake liliangulika kwa uchawi wa Twilight Sparkle, poni mwenye pembe, naye akalelewa na poni, yaani farasi wadogo wanaosema. Majoka wazima wanapopita angani katika uhamaji wao mkubwa, Spike amevaa aproni, na maneno ya rafiki zake yanamfanya aone kwamba hafanani na majoka hao hata kidogo. Anatafuta habari za majoka vitabuni, lakini poni hawajaandika karibu chochote. Ndipo anapofunga safari kuwafuata.

Wahenga walisema mkataa kwao ni mtumwa, lakini Spike hajakataa kwao. Hakuna aliyewahi kumwonesha. Sehemu hii imenigusa sana, kwa sababu swali lake ni la kila mtoto aliyekulia mbali na ukoo wake, na kipindi hakilifanyii mzaha.

Huko aendako anakutana na Garble na kundi lake la majoka vijana, ambao wanampima kwa mieleka ya mikia, kwa kujirusha katika lava na kwa kushindana kubeua. Anapobeua, inatoka barua ya Binti Mfalme Celestia, mtawala wa poni, maana barua zake humfikia Spike kwa njia ya moto wake, na wenzake wanamcheka. Kwangu hilo ndilo tukio lenye maana kuliko yote: hata moto wake, ambao ndio ujoka wenyewe, umekwisha kufunzwa kazi za poni.

Kasoro ya kipindi ni kubwa, nayo ni kwamba Spike aliyekwenda kutafuta asili anaoneshwa genge la wahuni tu, bila mzee wa kumsimulia lolote wala mila ya kurithi, kana kwamba taifa zima la majoka halina zaidi ya ubabe. Hata hivyo, Garble anapomwamuru avunje yai la finiksi, ndege wa moto wa hadithini, Spike anakataa, na mtazamaji anayekumbuka kwamba yeye mwenyewe alikuwa yai mikononi mwa wageni ataelewa uzito wa kukataa huko bila kuelezwa.

Deni la kumwonesha Spike asili yake lililipwa kwa kiasi fulani mwaka 2016 katika "Gauntlet of Fire", ambapo Spike anashinda fimbo ya utawala wa majoka kisha anamkabidhi Ember, binti wa mtawala Torch, na kwa mara ya kwanza anapata rafiki wa kabila lake. Mzazi anayetaka kumtazamisha mtoto habari hii na avifuatanishe vipindi hivi viwili, akianza na kile cha 2012, kwa sababu urafiki wa Ember hauna uzito kwa mtu ambaye hajamwona kwanza Spike akirudi nyumbani na lile yai alilokataa kulivunja.