Warlock wa gemu la World of Warcraft Classic, nimemchezea Tanga

Jamani huyu mchawi kanikosha. Mpaka levo 10 unahangaika na kale kapepo ka Imp kanakorusha moto, ukishampata Voidwalker ndo raha inaanza, unalituma dude lile la bluu likapigwe ngumi we uko nyuma umetupia Corruption, laana inayomla mtu polepole, unasubiri adui afe taratibu, mana (nguvu ya uchawi) ikiisha unapiga Life Tap, yani unauza damu yako mwenyewe, roho mbaya kweli. Kero Soul Shard, vile vipande vya roho za maadui, zinajaza begi balaa na bila hiyo Voidwalker haji ng'o! Juzi hapa Ngamiani umeme umekata katikati ya mapambano, narudi nakuta maiti yangu. Ila levo 40 unapata farasi bei chee, wenzako bado wanadunduliza goldi.