Unanunua VPS? Kabla hujaangalia RAM, angalia hiyo namba ya st

Wiki hii nimeulizwa tena, dada ninunue VPS gani (yaani seva ya kukodi mtandaoni, kipande cha kompyuta kubwa mnayoshirikiana na wengine), na swali limekuja na picha ya tangazo: RAM GB 8, kori 4 (vitengo vya prosesa vinavyofanya kazi), SSD GB 200, bei ya kutupa. Tangazo la namna hiyo nalijua vizuri. Mwaka juzi lilinila laki nne na themanini, nikalipa mwaka mzima kwa mkupuo kwa sababu ati ukilipia mwaka unapunguziwa.

Mimi VPS natumia tangu 2018, na kazi kubwa iliyokaa juu yake sasa hivi ni mfumo wa mauzo wa maduka matatu ya dawa hapa Tanga, mawili Ngamiani moja Chumbageni. Sio mfumo mzito. Muuzaji anatafuta dawa, anabofya, stoku inapungua, basi.

Sasa jioni moja nimekaa dukani Ngamiani, saa moja kasoro, ule muda watu wanatoka kazini wanapitia dawa. Kaja mama na mtoto mgongoni anataka mseto na panadoli, muuzaji kabofya, kile kiduara kikaanza kuzunguka. Kikazunguka. Foleni ikafika watu watano, muuzaji akafungua droo akatoa daftari la karatasi akaanza kuandika kwa mkono bila hata kunitazama. Yaani heri angenitukana.

Na hii haikuwa mara ya kwanza, nilishawaandikia sapoti wa hao walioniuzia wakanijibu ongeza RAM, na mimi mjinga nikaongeza, wakati RAM iliyokuwa inatumika haifiki hata GB 2! Siku hiyo nikawasha hotspoti palepale kaunta, nikaingia kwenye seva, nikaandika top, amri inayoonyesha prosesa inatumikaje. Mstari wa tatu ukaniletea hivi:

%Cpu(s): 9.1 us, 2.0 sy, 0.0 ni, 50.4 id, 0.3 wa, 0.0 hi, 0.2 si, 38.0 st

Hiyo ya mwisho, st, ndiyo iliyonifanya niandike huu mwongozo. Chukulia umepanga chumba kwenye nyumba ya uani, bomba moja, wapangaji kumi. Wewe una ndoo nne kubwa kabisa za kwako. Ndoo ni zako kweli, hakuna anayekuibia ndoo, ila jioni wote mnataka maji na unasimama foleni. Hizo kori nne za kwenye tangazo ndizo ndoo. Namba ya st ni asilimia ya muda ambao seva yako ilikuwa na kazi mkononi, imesimama inasubiri prosesa halisi kwa sababu anayehudumiwa ni jirani. Mimi nilikuwa nasubiri 38. Alfajiri ukipima unakuta sifuri, ndiyo maana wanaojaribu usiku wakiwa peke yao wanasifia wee, halafu wateja wakija wanashika kichwa.

Kwa hiyo vigezo vya kawaida sivirudii, RAM na diski kila mtu anajua kusoma. Fanya hivi: nunua ya kulipia kwa saa, waja leo waondoka leo kama watani wanavyotusema watu wa Tanga, weka mfumo wako, halafu saa moja mpaka saa tatu usiku andika vmstat 5, amri inayokuletea namba mpya kila sekunde 5, uangalie safu ya st. Ikikaa chini ya 1 tulia. Ikifika 5 mara kwa mara anza kuulizia pengine. Ikivuka 10 hama, usibembeleze. Ukitaka kumbukumbu ya siku nzima weka programu iitwayo sysstat, sehemu yake ya sar itakuandikia yenyewe. Ila angalizo, sio kila seva inakuonyesha ukweli, zile zilizogawanywa kwa programu ya OpenVZ na zile zinazokaa juu ya programu ya VMware zinaweza kukuletea sifuri na hali ni mbaya. Hizo zipime kwa sysbench, programu ya kupima kasi, jaribio lilelile alfajiri na jioni, ukiona majibu yametofautiana sana hapo pana foleni.

Haya, orodha yangu, na nasema wazi nina upendeleo.

Namba moja ni Hetzner, na wa pili yuko nyuma sana. Ni Wajerumani wa Gunzenhausen, wapo tangu 1997, VPS zao za klaudi walizileta 2018. Nipo kwao toka nilipowakimbia wale wa tangazo. Seva yangu ni ile ndogo ya kushirikiana, nilianza nayo kwa karibu euro 4 kwa mwezi, RAM GB 4, na jioni st yangu inacheza kwenye 0.3. Bakapu unaongeza asilimia 20 ya bei ya seva, lipia tu. Ukiwa na kazi isiyotaka mchezo chukua zile za CCX, hizo kori ni zako peke yako, bomba liko ndani kwako. Namba ya IPv4, ile anwani ya seva mtandaoni, wanaichaji pembeni, senti kadhaa, usishtuke ukiona bili.

Umbali je? Kutoka Tanga hadi Ulaya mimi napata kama milisekunde 160, na kwa mfumo wa duka muuzaji hata hajui. Kinachouma ni nyaya za baharini. Mei 2024 EASSy na Seacom zilipokatika siku moja tulikaa kama wafiwa, seva nzima kabisa huko iliko, sisi ndio hatufiki. Tangu hapo mfumo wa dukani unatunza mauzo kwenye kompyuta kwanza halafu unatuma baadaye.

Namba mbili Vultr, kwa sababu wana Johannesburg. Kama unafanya kitu cha simu za sauti au watu wanaongea laivu, anzia hapa.

Namba tatu nawaweka DigitalOcean na Linode pamoja, huyu wa pili alinunuliwa na Akamai 2022. Maelekezo ya DigitalOcean ndiyo yaliyonifundisha Linux, mfumo unaoendesha seva hizi, siwezi kuwasema vibaya, ila dola 6 kwa RAM GB 1 kwa shilingi yetu hii, mmh. Na wao wanazo za kori ya peke yako, ukiziona bei utafunga kompyuta.

Namba nne Lightsail ya Amazon. Hapa soma vizuri: prosesa unapewa kwa mgao, unaruhusiwa kukimbia kwa muda, mgao ukiisha unarudishwa kwenye mwendo wa chini. Kwa blogu sawa. Kwa duka lenye foleni ya jioni hapana.

Za bei chee, Contabo na wenzake: RAM nyingi kwa hela kidogo, nzuri kwa kujifunzia na kutunzia bakapu. Nimemaliza.

Nirudi kwa wale walionila, maana sijamaliza nao. Jina siwataji. Waliniuzia kama "seva ya Tanzania", nikaamini, nikamwambia na mwenye duka taarifa za wateja wake haziendi nje ya nchi, na toka 2023 tuna sheria ya taarifa binafsi sio ya kuchezea. Siku nimeangalia IP yenyewe kwa whois, amri inayokuonyesha anwani ni ya nani, iko Ujerumani! Wamenunua seva moja kubwa kule, wameikatakata vipande kama mkate wa kumimina, wanatuuzia sisi kipande kwa bei inayokaribia mara tatu. Kuomba hela irudi naambiwa sera ni siku saba. Siku saba, wakati jirani zangu wenye kelele walihamia mwezi wa tatu, mimi ningejuaje?

Na msiniambie kadi ni shida. Kadi ya mtandaoni ya kwenye simu inalipa, andaa na pasipoti maana wengi wa nje wanaomba kitambulisho kwa mteja mpya.

Juzi wamenitumia meseji, "Mpendwa mteja, tumekukumbuka." Nikilipia miaka miwili kwa mkupuo wananipunguzia asilimia 20 na RAM naongezewa bure.