Seti ya trei za miche na kokopiti: uzoefu wangu Malindi kabla ya masika

Niliinunua seti hii mwezi wa Februari, kaskazi ikiwa bado inavuma na ardhi imekauka, kwa sababu nilitaka miche iwe tayari masika yatakapoanza. Ndani mna trei mbili nyeusi, moja ya vishimo 128 na nyingine ya vishimo 50, kifuniko cha plastiki angavu, tofali la kokopiti (makumbi ya nazi yaliyosagwa) la kilo 5, na pakiti chache za mbegu. Nililipa shilingi 1,800 pamoja na nauli ya kuletwa kwa basi kutoka Mombasa. Trei na kokopiti nimezipenda na nitaendelea kuzitumia. Vilivyobaki vimetengenezewa watu wa nchi za baridi, na anayeyafuata maelezo ya karatasi yake neno kwa neno hapa Pwani ataiua miche yake.

Karatasi yasema usie mbegu ndani ya nyumba wiki 6 hadi 8 kabla ya baridi kali ya mwisho, ufunike trei, uiweke dirishani penye jua. Kwa Ulaya hilo ni sawa kabisa. Mwezi wa Machi udongo wao ungali baridi, nyanya na pilipili zataka nyuzi 20 na zaidi ili ziote vizuri, na usiku mmoja wa barafu waweza kumaliza bustani nzima. Kwetu Machi mchana hufika nyuzi 31 au 32, na usiku ni nadra kushuka sana chini ya 24. Joto la kuoteshea tunalo bure. Vinavyotuharibia miche ni jua la mchana, chumvi, na baadaye mvua kubwa za Aprili na Mei.

Kwa hiyo kifuniko nilikiweka kando tangu mwanzo. Plastiki ile ikipigwa na jua letu, ndani huwa tanuri, na hata ukiiweka kivulini, hewa isiyotembea pamoja na unyevu huleta ule ugonjwa wa kuoza shina: mche unanywea usawa wa udongo, unalala, na wenzake wanaufuata. Nilijenga kibanda kidogo cha makuti upande wa mashariki wa nyumba, makuti yakiwa yameachana kidogo ili mwanga upenye. Shangazi yangu wa Mambrui, ambaye ameotesha biringani na pilipili maisha yake yote, alipokuja kunitembelea alikigeuzageuza kile kifuniko mkononi, kisha akaniambia, “Mwanangu, mche wataka kivuli na upepo. Huu mfuniko wauzie wenye baridi.” Ndivyo na mimi ninavyomshauri anayesoma hapa.

Sasa kokopiti, maana hapo ndipo penye faida kubwa na penye hatari. Kokopiti hutokana na makumbi yale yale tunayoyawashia moto. Tofali la kilo 5 likinywa maji hufumuka na kujaa zaidi ya karai mbili kubwa, kama lita 60 hivi. Inashika maji vizuri na bado hewa inapita, mizizi inatambaa bila shida. Lakini makumbi yana chumvi. Mnazi wenyewe hukua karibu na bahari, na mara nyingi makumbi hulowekwa kwenye maji ya chumvi ili nyuzi zilainike kabla ya kutolewa. Chumvi hiyo hubaki kwenye vumbi lake, na mche mchanga hauiwezi: ncha za majani zinaungua na ukuaji unasimama. Muuzaji hakutaja kuosha, na karatasi vilevile iko kimya. Mimi nililoweka, nikakamua, nikabadilisha maji, nikarudia mpaka maji yaliyotoka yakawa yamepauka badala ya ile rangi ya chai.

Na maji ya kuoshea yawe matamu, yasiwe ya kisima cha chumvi, la sivyo unaosha chumvi kwa chumvi. Visima vingi vya mjini hapa, hasa vilivyo karibu na ufuo, vina chumvi ya kuonjeka. Nilitumia maji ya bomba yanayotoka Baricho, kwenye mto Sabaki, ambayo huyakinga kwenye mapipa siku yanapotoka. Hayo hayo ndiyo niliyoendelea kuinyweshea miche. Sukuma wiki inavumilia maji yenye chumvi kidogo ikishakua, lakini ikiwa mche haipendi, na pilipili haipendi wakati wowote.

Jambo jingine ni kwamba kokopiti haina chakula cha maana. Mbegu itaota kwa akiba yake yenyewe, kisha mche utakuwa njano na kudumaa. Nilichanganya sehemu mbili za kokopiti na sehemu moja ya mboji iliyoiva, iliyochungwa kwa chekeche. Majani halisi yalipotoka, yale yanayofuata majani ya mbegu, nikaanza kuipa maji ya samadi yaliyozimuliwa sana.

Mtu ataniuliza, kwa nini nisijaze tu udongo wa uani? Kwa sababu ya maradhi. Mchanga wetu ni makao mazuri ya minyoo fundo, ile inayoitia mizizi vinundu, na mahali palipowahi kunyauka biringani au nyanya kwa mnyauko wa bakteria, udongo hubaki na ugonjwa kwa miaka. Mche unaoanza maisha kwenye kokopiti safi unafika bustanini ukiwa mzima, una nguvu ya kujitetea. Kwangu hii peke yake inatosha kulipia trei.

Trei zenyewe: ile ya vishimo 50 naipendekeza kwa moyo wote. Ya 128 inafaa sukuma wiki ambayo haikai sana, kama wiki 4 tu, ila vishimo vyake vidogo hukauka upesi. Wakati wa kaskazi ilinibidi kumwagilia asubuhi na alasiri bila kukosa, na anayeshinda kazini asiichukue. Biringani na pilipili, ambazo hukaa wiki 6 hadi 8, zinataka kishimo kikubwa. Zote mbili niliziinua juu ya fito, zisiguse chini. Hapo mchwa na jongoo hawapandi kirahisi, na mzizi ukifika kwenye tundu la chini unakutana na hewa, unakoma, na mingine inachipuka pembeni. Siku ya kuhamisha, mche unachomoka na donge lake lote na hausinyai kama ule uliong’olewa kitaluni. Plastiki ni nyembamba lakini, kwa hiyo nabeba trei kwa mikono miwili na ubao chini yake.

Mbegu zilizokuja na seti sikuzitumia. Zilikuwa za letasi, brokoli, karoti na nyanya, bila tarehe wala lebo. Letasi kwenye joto la Machi hulala tu udongoni, afadhali uisubirishe Julai na Agosti, kusi ikileta ubaridi. Karoti haiatikwi hata kidogo, mzizi wake utagawanyika. Nilikwenda duka la pembejeo nikanunua biringani, pilipili na sukuma zenye kibandiko cha KEPHIS, shirika la serikali linalokagua mbegu. Unakwangua, unatuma nambari kwa 1393, unajibiwa kama mbegu ni halali. Fanyeni hivyo kila mara. Bamia, kunde na mchicha nilizisia moja kwa moja bustanini, kwani hazihitaji trei. Nyanya niliiacha makusudi, nitaisia mvua kubwa zikianza kupungua, maana nyanya ya Mei kwetu hushambuliwa na madoa ya majani na kuoza kabla hujaila.

Wakati miche inakua, bustani nayo inaandaliwa. Mchanga hauwezi kushika maji wala mbolea, basi nilichimba matuta, nikatia samadi ya mbuzi iliyokaa muda mrefu na majani yaliyooza, nikaacha vipoe na kuchanganyika. Juu nikatandaza nyasi kavu na makuti chakavu. Wiki ya mwisho nilipunguza maji ya miche na kuisogeza juani kidogo kidogo, asubuhi kwanza, kisha zaidi. Niliihamisha jioni, baada ya mvua za mwanzo kulowesha ardhi, sukuma kwa nafasi ya sentimita 45 na biringani sentimita 60. Baada ya hapo adui ni kunguru, wanaong’oa mche kwa kuchezea tu, na konokono wakubwa wanaotoka usiku mvua zikikolea. Kunguru nimewazuia kwa wavu wa zamani wa samaki. Konokono nawaokota kwa tochi.

Kwa seti nzima natoa nyota tatu kati ya tano, kwa trei ya vishimo 50 pekee natoa tano. Trei na kokopiti huuzwa kila kimoja peke yake pia, na ukinunua hivyo hulipii kifuniko wala mbegu usizozihitaji. Kabla hujalipa, muulize muuzaji kama kokopiti yake imeoshwa. Hata akikwambia ndiyo, ilowekee maji ya bomba uone rangi itakayotoka. Na uagize mapema, pilipili inayosiwa Aprili tayari imechelewa kuyapata masika.